Fayawoli Aliyoizima Juvenali

Kila asubuhi, baada ya chai, Theodosia aliingia chumba cha mbele, akafungua dirisha na kuwasha kompyuta. Alikuwa mwalimu mstaafu. Alifundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na minne, kwanza Nyakisasa, wilayani Ngara, alikozaliwa, kisha Biharamulo, alikoolewa. Sasa alikuwa na kazi moja tu. Alikuwa anaandika kamusi ya Kisubi.

Kisubi hakikuwa lugha ya mama yake. Yeye ni Mhangaza. Kisubi alijifunza ukubwani, jikoni kwa mama mkwe wake, huku wakimenya ndizi na kupepeta maharage. Mama mkwe alipofariki, Theodosia aligundua jambo. Maneno mengi aliyoyasikia jikoni mle hakuyasikia tena mahali popote. Watoto walisema Kiswahili. Hata mumewe, Juvenali, ambaye ni Msubi, alikulia Mwanza kwa mjomba wake. Kisubi chake kilikuwa cha salamu tu.

Basi Theodosia akanunua kinasa sauti. Akaanza kwenda Bisibo na Nyantakara kuwauliza wazee. Alifanya hivyo miaka tisa. Alikusanya maneno elfu nne na mia mbili. Alikuwa na sauti za wazee thelathini na mmoja.

Kati ya wote, aliyempenda zaidi ni Bibi Nshoma wa Bisibo. Bibi huyu alijua nyimbo ambazo wanawake waliimba zamani wakipalilia ulezi. Macho yake yalikuwa hayaoni tena, lakini sauti ilikuwa na nguvu. Kila alipomaliza wimbo aliuliza:

"Umeweka?"

"Nimeweka, mama," Theodosia alijibu.

"Haya. Sasa naweza kusahau."

Kazi yote hiyo ilikaa ndani ya kompyuta ya mezani. Kinasa sauti kilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo alikifuta kila alipohamisha sauti. Nakala ya pili aliiweka kwenye flashi. Flashi hiyo aliichomeka nyuma ya kompyuta, na haikutoka hapo mwaka mzima. Aliogopa akiichomoa itapotea.

Juvenali alikuwa na laptopu yake sebuleni. Alikuwa karani wa ushirika zamani, na sasa aliandika mihtasari ya vikao vya parokia. Printa ilikuwa moja, imeungwa kwenye kompyuta ya mkewe. Akitaka kuchapa, laptopu ilituma kazi kupitia waifai ya nyumbani, na printa ikachapa. Waifai hiyo ilitoka kwenye ruta, kile kisanduku kidogo chenye taa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba.

Siku moja radi ilipiga, na ruta ikaungua. Wakanunua nyingine. Kuanzia siku hiyo laptopu ya Juvenali ilipata intaneti vizuri, lakini haikuiona tena kompyuta ya mkewe. Wala haikuiona printa. Kila alipojaribu, maandishi yalitokea kwenye kioo: haikupatikana.

Wiki hiyo Theodosia alikuwa Nyantakara. Alipiga simu.

"Baba Koleta, kituo cha lugha cha Dar es Salaam wanataka kuona kurasa za mwanzo za kamusi. Zinatakiwa ziondoke na basi la Ijumaa. Utaweza kunichapia? Faili ipo kwenye kompyuta yangu."

"Nitaweza," alisema Juvenali.

Angeweza kukaa kwenye kiti cha mkewe na kuchapa kutoka hapohapo. Lakini kompyuta ile hakuizoea, na tatizo la laptopu lilikuwa limemkera siku tano. Alitaka kulimaliza. Akampigia simu fundi mmoja wa sokoni.

"Mzee, hiyo ni fayawoli inakusumbua," alisema fundi. "Zima tu. Sisi wote tunazima."

"Hakuna madhara?"

"Madhara gani, mzee? Kompyuta iko nyumbani kwako."

Fundi akamwelekeza mahali pa kubofya. Juvenali akazima fayawoli ya laptopu. Kisha akaenda chumba cha mbele, akazima na ya kompyuta ya mkewe. Alama nyekundu ikatokea, na maneno ya Kiingereza chini yake. Juvenali aliyasoma mara mbili. Hakuyaelewa vizuri. Akafunga ukurasa ule.

Printa ikaanza kunguruma. Kurasa sitini zikatoka, moja baada ya nyingine, kisha nakala ya pili. Juvenali akazipanga, akazitoboa, akazifunga kwa uzi.

Theodosia aliporudi alizikuta mezani, nakala mbili.

"Umewezaje? Si mtandao ulikuwa haufanyi kazi?"

"Nimeurekebisha," alisema Juvenali, akitabasamu.

Mkewe alifurahi. Hakuuliza zaidi, na Juvenali hakusema zaidi.

Miezi minne ikapita salama. Katika miezi hiyo Bibi Nshoma alifariki. Theodosia alikwenda kumzika. Alilia, lakini moyoni alikuwa na faraja. Alijua kwamba nyimbo zile amezihifadhi.

Kisha akaja Jean Paul. Alikuwa bwana shamba kule Ngara, mtoto wa kaka yake Theodosia. Alikuja Biharamulo kwenye semina ya siku mbili, akalala kwao.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani."

"Shangazi, naomba waifai. Nina ripoti ya kutuma."

Theodosia akampa neno la siri. Jean Paul akafungua laptopu yake. Ilikuwa ya ofisi, na watu wengi waliitumia. Alituma ripoti yake, akashukuru. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, akaaga na kuondoka.

Kesho yake asubuhi Theodosia aliwasha kompyuta kama kawaida. Faili zote zilikuwa na majina asiyoyajua, herufi na tarakimu zisizo na maana. Alibofya moja. Haikufunguka. Alibofya nyingine. Katikati ya kioo palikuwa na maandishi ya Kiingereza. Yalisema kwamba faili zake zimefungwa, na akizitaka alipe.

Akachomoa flashi. Akaenda sebuleni, akaichomeka kwenye laptopu ya mumewe. Laptopu nayo ilikuwa na maandishi yaleyale.

Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi Raya, binti wa mzee Muksini, muuza vitambaa. Raya alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta. Alifanya kazi katika shule na maofisi ya wilaya. Alipoitwa alikuja mara moja, mkoba wa vifaa begani.

"Hodi! Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Raya, njoo uone."

Raya alitazama kioo. Kabla ya kusema neno alichomoa waya wa umeme wa ruta.

"Kwanza tunakata mtandao, kirusi kisienee zaidi," alisema. Kisha akakaa. Alichunguza kompyuta moja, akachunguza ya pili. Kazi hiyo ilichukua saa nzima. Mwishowe akageuza kiti.

"Mwalimu, fayawoli imezimwa kwenye kompyuta zote mbili. Imezimwa tangu miezi minne iliyopita. Nani aliizima?"

"Mimi sijui hata fayawoli ni nini," alisema Theodosia.

Juvenali alikuwa amesimama mlangoni.

"Mimi," alisema.

Theodosia alimgeukia.

"Wewe?"

"Siku ile ya kuchapa. Niliambiwa haina madhara."

"Ukasema umerekebisha."

Juvenali alitazama ile printa.

"Raya," alisema Theodosia, macho yake bado kwa mumewe, "hiyo fayawoli kazi yake ni nini? Sema polepole. Nataka tusikie wote."

"Ni programu iliyo ndani ya kompyuta," alisema Raya. "Inaangalia kila kinachotaka kuingia kutoka kwenye mtandao. Inauliza: wewe ni nani, unataka nini? Kilichoruhusiwa kinapita. Kisichoruhusiwa kinabaki nje. Ukiizima, hakuna anayeuliza."

"Na hiki kiliingiaje? Kompyuta iko nyumbani kwetu."

"Mmepata mgeni mwenye laptopu?"

Theodosia alifunga macho. "Jean Paul."

"Siwezi kuapa kwamba kilipita hapo, mwalimu. Lakini naona hivi. Laptopu yake ilikuwa na kirusi, na huenda yeye mwenyewe hajui. Mlipompa waifai, laptopu hiyo iliingia ndani ya mtandao wenu. Kirusi kikatafuta kompyuta nyingine humu ndani. Kikaikuta yako na ya mzee. Zote mbili hazijapata masasisho, yale marekebisho mapya ya usalama, kwa miaka miwili, na fayawoli imezimwa. Hakuna kilichokizuia. Na flashi ilikuwa imechomekwa, kwa hiyo kikaifunga nayo."

"Utazifungua hizo faili?"

"Hapana, mwalimu."

"Tukilipa?"

"Msilipe. Hao ni wezi. Wengi wanalipa na hawapewi chochote. Nendeni mkaripoti polisi. Mimi nitatoa hii diski na kuihifadhi. Pengine siku moja ufunguo utapatikana. Lakini sitaki kukudanganya. Usingoje."

Theodosia aliinuka. Alipita mlangoni bila kumgusa mumewe. Alikwenda uani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Juvenali alimfuata.

"Mama Koleta, nilitaka kukusaidia."

"Najua."

"Yule fundi alisema..."

"Ile ilikuwa lugha ya mama yako," alisema Theodosia. "Si ya mama yangu. Ya mama yako."

Baada ya hapo hawakusemezana kwa wiki tatu, ila kwa mambo ya lazima. Chakula kiko mezani. Maji yamekatika. Koleta amepiga simu kutoka Mwanza. Juvenali alikonda. Alirudi kwa fundi wa sokoni kumlaumu. Fundi alimwambia kwamba hakumlazimisha, na hilo lilikuwa kweli.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Zilikuwepo zile kurasa sitini za nakala ya pili, na madaftari mawili ya miaka ya mwanzo. Theodosia alihesabu maneno. Yalikuwa elfu moja na mia moja. Sauti haikubaki hata moja.

Wiki ya nne mgeni alifika kwa baiskeli kutoka Bisibo. Alikuwa Bernardo, mtoto wa marehemu Bibi Nshoma. Alikuwa amevaa shati jeupe la kwendea kanisani. Alileta mkungu wa ndizi.

"Mwalimu, tuna misa ya kumkumbuka mama, Jumapili ya mwisho wa mwezi," alisema. "Ukoo wote utakuja. Tumekubaliana nije kwako. Wewe una sauti yake. Tunaomba utuletee. Watoto wangu wadogo hawakuwahi kumsikia akiimba."

Theodosia alimtazama. Juvenali, aliyekuwa sebuleni, alikuja akasimama mbele ya Bernardo.

"Sauti haipo," alisema. "Imeharibika. Zimeharibika zote. Kosa ni langu, si la mwalimu."

Bernardo hakuelewa. Ikabidi aelezwe tena. Kisha akazungusha kofia mikononi.

"Dada zangu walitaka tumrekodi kwa simu," alisema hatimaye. "Mimi ndiye niliyewakataza. Niliwaambia mwalimu ameshamrekodi, na kompyuta ni bora kuliko simu."

Alikunywa chai aliyopewa. Alishukuru. Ndizi akawaachia, akapanda baiskeli yake na kuondoka.

Jioni hiyohiyo Theodosia alikwenda kwa Raya.

"Kesho uje unifundishe," alisema. "Sitaki unifanyie. Nataka nijue mwenyewe. Na Baba Koleta atakaa hapo asikilize."

Raya alikuja. Alikuwa ameweka diski mpya katika kompyuta ya mezani, na ameisafisha laptopu na kuiwekea programu upya; mpangilio wa mtandao aliurudisha ulivyokuwa kabla fayawoli haijazimwa, ili wajifunze. Aliwakalisha wote wawili.

"Tuanze na tatizo lenyewe," alisema. "Laptopu haiioni kompyuta. Mzee, ungeanza wapi?"

"Fayawoli," alisema Juvenali kwa aibu.

"Hapana. Fayawoli iache. Anza na mambo madogo. Printa imewashwa? Kompyuta imewashwa? Zote mbili ziko kwenye waifai ileile? Zima ruta, hesabu mpaka thelathini, washa tena. Matatizo mengi yanaishia hapo."

Walifanya hivyo. Laptopu bado haikuona kitu.

"Sawa. Sasa tunauliza swali la pili. Mlipoweka ruta mpya, kompyuta zenu ziliuliza kitu. Ziliuliza kama mnataka kompyuta nyingine za mtandao huu ziione hii yako. Mlijibu nini?"

Juvenali alikumbuka. "Nilibofya hapana. Kwenye zote mbili. Niliogopa."

"Hukukosea kuogopa. Lakini hapo ndipo tatizo lilipoanza. Ukisema hapana, kompyuta inaona kwamba iko kwenye mtandao wa umma, kama wa stendi au wa hoteli. Fayawoli inazuia karibu kila kinachotaka kuingia, hata laptopu ya mwenye nyumba. Ilikuwa inafanya kazi yake, mzee. Haikuwa imeharibika."

Theodosia alimtazama mumewe.

"Mwalimu, shika mausi," alisema Raya. "Fungua mipangilio ya mtandao. Umeiona waifai yenu? Bofya hapo. Badilisha kutoka umma kwenda binafsi. Vizuri. Sasa fungua fayawoli. Soma."

Theodosia alisoma polepole. "Imewashwa."

"Ibaki hivyo. Usiizime. Nenda kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa. Tafuta kushirikiana faili na printa. Weka alama upande wa mtandao binafsi tu. Upande wa umma usiweke."

"Ni hicho tu?"

"Hicho tu. Tumefungulia kitu kimoja. Vingine vyote vimefungwa."

Kisha Raya akaonyesha mengine. Theodosia alichagua folda moja, pa kuweka faili za kuchapa, ndiyo ionekane na laptopu, tena kwa neno la siri. Faili ya kamusi haikuwekwa hapo. Kompyuta ikaachwa ipokee masasisho yenyewe. Wageni wakatengenezewa waifai yao ndani ya ruta ileile, ambayo inawapa intaneti lakini haiwafikishi kwenye kompyuta za nyumba.

"Na nakala," alisema Raya. "Flashi ukishanakili, chomoa. Nyingine iwe nyumba nyingine kabisa. Mpe Koleta, au mimi."

"Na mtu akiniambia nizime fayawoli?" Juvenali aliuliza.

"Mwulize ni kipi hasa kinachozuiwa. Kama hajui, hajui kazi. Wakati mwingine fundi huizima kwa dakika moja ili apime, tena akiwa amekata intaneti na hakuna kompyuta nyingine kwenye mtandao. Akimaliza anaiwasha palepale. Asipoiwasha, kazi yake haijaisha."

Theodosia alimwambia mumewe, "Chapa."

Juvenali alituma ukurasa mmoja kutoka laptopu. Printa ikanguruma. Ukurasa ukatoka. Fayawoli ilikuwa imewashwa. Hakuna aliyeshangilia.

"Dakika ishirini," alisema Juvenali, akishika karatasi. "Ilikuwa kazi ya dakika ishirini."

Theodosia alirudi Bisibo na Nyantakara. Safari hii Juvenali alikwenda naye. Alibeba kinasa sauti na kuandika majina ya wazee. Kati ya wale thelathini na mmoja, kumi na wanane walikuwa wamefariki. Dada zake Bernardo waliwapokea. Waliimba nyimbo mbili za ulezi walizozikumbuka, wakasaidiana maneno, wakakwama, wakaanza tena. Bibi Nshoma alikuwa na kumi na moja. Theodosia alizirekodi hizo mbili, akazinakili kwenye kadi ndogo ya kuhifadhia sauti na kumwachia Bernardo kabla ya kuondoka.

Mwaka uliofuata Jean Paul alikuja tena, na laptopu ya ofisi. Walimpa waifai ya wageni. Siku hiyohiyo Juvenali alikuwa akifanya kazi zake sebuleni. Ghafla kijisanduku kikatokea kwenye kioo. Fayawoli ilikuwa imezuia programu moja asiyoijua jina. Iliuliza kama airuhusu.

Juvenali aliondoa mkono kwenye mausi.

"Mama Koleta! Njoo usome."

Theodosia alikuja. Walisoma pamoja, neno kwa neno.

"Unaijua?" aliuliza.

"Siijui."

"Basi usiiruhusu."

Juvenali akabofya kukataa. Kijisanduku kikaondoka. Walimwita Raya. Akasema wamefanya vizuri, kwamba programu ile haikutoka kwa mgeni bali iliingia na kitu kilichopakuliwa, akaifuta. Faili zote zilikuwa salama. Flashi zilikuwa kabatini, na nyingine kwa Koleta, Mwanza.

Kamusi sasa ina maneno elfu mbili na mia tatu, na inaongezeka. Kwa herufi za mwanzo imejaa. Mbele ina mapengo. Kuna ukurasa mmoja ambao Theodosia ameuandika kwa namna ya pekee. Upande wa kulia kuna maana: *mtu anayefika kusalimia, akakataa kukaa, kwa sababu anajua mwenye nyumba amechoka.* Kisubi kilikuwa na neno moja kwa mtu huyo. Theodosia alilipata kwa mzee mmoja wa Nyantakara, aliyekwisha kufa. Amewauliza wote waliobaki. Maana anaikumbuka vizuri. Upande wa kushoto, pa kuandika neno, ameacha nafasi.